Mama Aliyesinzia Garini

Leo adabu yangu imenipotezea picha ya mwisho ya marehemu mke wangu.

Niwieni radhi kwa kuwaletea jambo dogo.

Mnajua kwamba mimi huwapiga picha abiria wa gari la Runyenjes kwenda Embu.

Asubuhi nilimpiga picha mama mmoja aliyesinzia, nikikusudia kumwomba ruhusa akiamka. Simu ikalia "cha!" naye akafumbua macho.

"Mzee, kwani mimi ni mnyama wa mbuga? Futa!"

Nilimwomba msamaha, nikamwahidi kwamba itafutwa, nikamkabidhi simu afute mwenyewe.

"Nimefuta mpaka kwa pipa la taka la simu," akasema. "Nyinyi wazee mnajifanya hamjui simu."

Nilimshukuru. (Naam, nilimshukuru.)

Nyumbani nikakuta picha ya mama yule ingalipo. Aliyoifuta ni ya Wanja wangu, aliyesinzia vilevile katika gari hilohilo, mwenye kitambaa cha buluu kama chake. Alidhani ni yeye.

Yake nimeifuta sasa hivi, maana nilimwahidi.

Nimechoka, marafiki.

Iwapo yupo kati yenu aliyewahi kutupiga picha mimi na Wanja safarini bila kutuomba ruhusa, tafadhali anitumie. Nimekwisha kumsamehe.