Mukubwa Wangu Alikuja Kula kwa Mama Kavira

Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana, jua likiwaka. Najua unavyowaza. Mimi si mutu wa kusoma sana, niliishia mwaka wa pili wa sekondari, na siku zile nilikuwa natoka kwenye malaria, dawa zingali mfukoni. Ukisema ilikuwa homa, sitakugombeza. Mimi mwenyewe nimejisemea hivyo mara nyingi, na sijafaulu kujiamini.

Mama Kavira alikuwa na mgahawa wa mbao hapa mtaa wa Katindo. Sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi, visamaki vya sambaza vya kukaanga, bugali inayotoa moshi. Mimi na mukubwa wangu Kambale, kaka aliyenitangulia kuzaliwa, tulikula pale kila Jumamosi, sahani moja, tangu tulipofika Goma kutoka Butembo. Kambale alikuwa anafanya biashara ya maharagi. Asubuhi aliyoondoka kwenda upande wa Rutshuru aliniambia: "Mudogo, kama barabara inafungwa na simu haipite, usinitafute. Uningojee kwa Mama Kavira."

Watu wa hapa wanaelewa neno hilo. Kila familia iko na mahali pake pa kukutana, maana watu wakikimbia vita wanapoteana.

Barabara ilifungwa. Simu haikupita. Ukaingia mwaka wa pili. Hatukuweka matanga, kwa sababu utamulilia vipi mutu bila kujua amelala wapi? Furaha, bibi yake wa ndoa, hakutaka hata tulitaje neno hilo. Na mimi kila Jumamosi nilikaa kwenye benchi letu, nikitazama barabara.

Basi fikiria moyo wangu Mama Kavira aliposema anafunga. Simlaumu. Mwenye parsele alitaka kiwanja chake, na miguu ya mama inavimba, binti yake amemwita Butembo akapumzike. Ana haki. Lakini Kambale akirudi, atanikuta wapi?

Siku ya mwisho nilichelewa, ikawa saa kumi. Wateja walikuwa wameshakula, wameshamuaga. Viti vingine vilikuwa vimebebwa. Niliinamia sahani, nikala haraka ili nisilie. Kivuli kikasimama mbele yangu. Bila kuinua kichwa nikasema, "Karibu, tukule," kama tunavyomwambia kila anayepita. Na anayepita hujibu asante, akaendelea na njia yake. Huyu aliketi.

"Mudogo, uko unakula kama mutu mwenye wanafukuza."

Alikuwa Kambale. Shati ile ya bluu aliyoondoka nayo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Niamini, sikupiga kelele. Nilichukua jagi nikamnawisha, kwani yeye ndiye mukubwa. Maji yalianguka yote kwenye beseni. Mikono yake ikabaki mikavu, vumbi lake vilevile. Hapo nikajua. Au labda nilijua baadaye, sitaki kudanganya.

"Yaya," nikasema, kama nilivyozoea kumwita mukubwa, "kula kwanza."

Wewe ungesema nini? Kwetu mutu aliyetoka safarini haulizwi kitu akiwa na njaa. Anakula, ananawa, ndipo anatoa habari. Mama yetu alitulea hivyo. Kambale alinitazama sana, akafungua mudomo kutaka kusema, nami nikamkata: "Hapana, tutaongea. Kula."

Akacheka kidogo. "Kichwa ngumu, haujabadilika. Na pilipili iko wapi?"

Nikaenda jikoni. Hatua tano, labda sita. Mama Kavira alikuwa anafunga masufuria kwenye kitenge.

"Mama, nipe pilipili, Kambale amefika!"

"Kambale gani, mutoto wangu?"

"Kambale wetu!"

Alitoka mbio kwa miguu yake ile mibaya. Benchi lilikuwa tupu. Bugali haikuguswa upande wake. Maji kwenye beseni yalikuwa safi, ungeweza kuyanywa.

Niseme haki: Mama Kavira hakuona mutu. Aliniona nikimwaga maji peke yangu, akadhani naosha jagi. Ndivyo alivyosema, na yeye si mama wa uongo. Lakini aliketi palepale, akalia, akasema, "Alikuja kuniaga na miye."

Jioni nilimwambia Furaha. Hakubisha. Aliuliza neno moja tu.

"Alikuambia yeye iko wapi?"

Nikamwambia nilitaka ale kwanza.

"Ulimupa chakula, haukumuuliza?" Alijifunika uso kwa kitenge. Halafu akasema polepole, "Hata miye ningemupa chakula."

Wiki ile alivaa nguo nyeusi. Tuliweka matanga bila kaburi. Watoto wake wananiuliza watapeleka maua wapi, na mimi ndiye niliyekuwa na nafasi ya kujua. Kambale alikuwa anafungua mudomo! Mgahawa umebomolewa, wamejenga ukuta wa mawe meusi. Usiku naamka nikirudia zile hatua tano, nikijaribu kutokwenda.

Wewe unayesoma, kama uko na wako aliyepotea njiani, na siku moja akaketi mbele yako, weka adabu kando. Usimpe maji, usimpe sahani. Muulize kabla hajanawa: "Uko wapi, tukufuate?"

Chakula kipoe.