Mjadala wa Madungu Mawili

Jumamosi ile mwalimu aliandika ubaoni, kwa ule mwandiko wake wa kujipamba: "Nchi inahitaji lugha moja ya serikali." Kisha akatugawa, hawa watetee, hawa wapinge, kama anayegawa majembe ya bustani ya shule. Mimi akaniweka upande wa kutetea. Hakuniuliza ninaamini nini. Alisema tu, "Wewe, mdomo wako haupumziki kamwe. Leo ufanye kazi ya maana." Darasa likacheka. Nikainama kama mtu anayevishwa nishani na gavana, wakacheka tena.

Ndivyo nilivyo hapa bwenini, rafiki yangu. Mimi ndiye wa kuchekesha. Namwiga mwalimu mkuu anavyopenga kamasi kabla ya sala, naiga kengele, naiga hata uji wa asubuhi unavyochemka kwa kinyongo. Wasafwa wanacheka, Wanyiha wanacheka, Wandali wanacheka mpaka wanashika mbavu. Lakini maneno yale ya ubaoni yalinyamazisha kitu ndani yangu, maana mjadala huohuo niliwahi kuufanya nikiwa mdogo. Niliufanya juu ya dungu la kulindia shamba, bila mwalimu wala kengele, na ulezi wa bibi ukaliwa na ndege.

Kwetu ni kijiji cha Mpemba, ila kila ulezi ulipoanza kukomaa nilihamishiwa kwa bibi, upande wa Tunduma, mpakani kabisa. Shamba lake liliishia kwenye kijito. Ng'ambo ya kijito lilianza shamba la mjomba, na hapohapo ng'ambo ndipo ilipoanza Rodeshia. Wazungu waliopima mpaka walisimika nguzo ya saruji ukingoni, na bibi akaiona inafaa sana kuanikia majani ya kunde. Sidhani kama kuna nguzo nyingine ya serikali iliyowahi kulisha watu kama ile.

Mimi nilikuwa na dungu langu upande huu, jukwaa la miti lenye kijipaa cha nyasi. Mtoto wa mjomba, binamu yangu, alikuwa na lake upande ule. Kazi yetu ilikuwa kuwinga ndege. Wale ndege wadogo wa kahawia walikuja kama moshi unaosukumwa na upepo, wakatua, na shamba zima likaanza kutikisika. Tulifinyanga vidonge vya udongo wa kijito, tukavichomeka kwenye ncha za fimbo, tukavirusha vikivuma. Zaidi ya hapo tulikuwa na ukelele wetu, unaoanzia chini tumboni na kupanda: "Hooo-yaaa!"

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye siri yake. Ukipiga kelele peke yako, ndege hawaondoki. Wanavuka tu kijito, wanatua kwa mwenzako. Mwenzako akiwafukuza, wanarudi kwako. Basi ilikuwa lazima binamu aanze, nami nimjibu kabla sauti yake haijafa, ili wale ndege wakose pa kutua na waende zao msituni. Tuliijua kazi hiyo kiasi kwamba nilikuwa napumua pale alipomaliza yeye.

Jua likisimama utosini, bibi alikuja na kikapu kichwani. Ugali wa ulezi, mweusi na mzito, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na togwa kwenye kibuyu. Binamu aliruka kijito, akaingia Tanganyika akiwa na njaa, tukala chunguni pamoja kwa lugha yetu moja, Kinamwanga. Hakuna aliyeona ajabu. Tulidhani dunia yote inaongea hivyo, isipokuwa wazungu na mbuzi.

Halafu tukaanza shule. Mimi nikasoma huku, kwa Kiswahili. Baba alinitaka niwe karani bomani, nivae kaptula yenye mikunjo ya pasi. Binamu akasoma kwao, kwa Kibemba kwanza, kisha Kiingereza. Malkia alikuwa mmoja, na picha yake ukutani ilikuwa ileile huku na huko, lakini msimu uliofuata tulipopanda madungu, kila mmoja alipanda na serikali yake.

"We binamu!" aliniita. "Eti huko kwenu mnafundishwa lugha ya wapagazi?"

"Na nyie lugha ya wachimba mashimo ya shaba!"

"Yetu ni ya Malkia mwenyewe."

"Hebu sema basi nikusikie, Malkia mwenye matope miguuni."

Akamwaga Kiingereza, maneno yote aliyokuwa nayo, naamini mengine yalikuwa majina ya siku za wiki. Mimi nikamwimbia wimbo wa shule wa Kiswahili, beti zote. Nikamwambia kwamba hata Bwana Shauri wetu wa bomani, mzungu mzima, anaongea Kiswahili.

"Ndiyo, akiongea na nyie!" binamu akajibu. "Akiwa na mkewe anaongea lugha yangu!"

Nilipandwa na hasira. Nilichomeka kidonge nimrushie yeye, ndipo nikakumbuka kazi yetu. Hatukuwa tumepiga ukelele tangu tulipoanza. Nikatazama chini. Shamba lilikuwa la kahawia tupu, linatafuna.

Bibi alikuwa amesimama kando ya nguzo na kikapu chake kichwani, sijui tangu saa ngapi. Hakutukaripia. Alitazama ndege, akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, akasema kwa Kinamwanga chake cha polepole: "Hawa wameshakubaliana waongee nini, ndiyo maana wanakula. Nyie endeleeni." Kisha akatua kikapu, akachukua kifuniko cha chungu na mwiko, akaingia shambani mwenyewe kuwafukuza. Binamu alianguka juu ya dungu kwa kicheko. Nami nikacheka mpaka machozi, huku nikijua kabisa kwamba mwaka ule tungekula mahindi.

Jioni ile, mekoni, bibi aliweka sheria: anayetaka kuongea lugha ya ofisi, akale ofisini. Hatukuivunja. Huko shambani tulitukanana kwa lugha za serikali, lakini tukifika motoni kwake tulikuwa wale watoto wa chungu kimoja.

Misimu ikapita. Binamu akapata sauti nzito, kisha akapata kazi Kopabelti, kwenye migodi ya shaba. Nilimsindikiza Tunduma, pale malori yanapopakia watu. Alikuwa na vijana wenzake wenye kofia, na mbele yao alinisemesha kwa Kiingereza, akitupia na "mukwai", neno la heshima la Kibemba, ili nisijisikie vibaya. Mimi nikashupaza shingo, nikamjibu kwa Kiswahili sanifu kama nasoma tangazo la boma. Tukaagana hivyo, kama wajumbe wa mataifa mawili. Lori likaondoka. Lilipofika kwenye kona, nikamsikia juu ya mizigo: "Hooo-yaaa!"

Nilijibu, rafiki yangu. Nilijibu kwa nguvu zangu zote. Lakini injini ilikuwa na kifua kikubwa kuliko changu, na vumbi lilishafunga njia. Mpaka leo sijui kama alinisikia.

Basi Jumamosi ile darasani nilisimama kutetea. Nikasema, bila Kiswahili huyu Msafwa anayelala kitanda cha pembeni ningemjua kwa kukoroma kwake tu. Nikasema wazee wetu walipelekwa barazani wakahukumiwa kupitia mkalimani, wasijue kama kweli yao ilifika nzima. Niliyasema hayo kwa moyo, na bado nayaamini. Halafu, kwa kuwa siwezi kukaa bila kuchekesha, nikawasimulia habari ya madungu, na maneno ya bibi kuhusu ndege waliokubaliana. Darasa lilivunjika mbavu. Mvulana mmoja Mndali wa upande wa kupinga akaruka: "Mwalimu, hadithi hiyo ni yetu! Watoto waliacha lugha yao, chakula kikaliwa!" Wenzangu wakamzomea: "Ndege walikuwa na lugha moja, wakashiba!"

Mwalimu naye alicheka, akafuta macho. "Hebu," akaniambia, "tusemee hayo maneno ya bibi kwa lugha yake mwenyewe."

Nikayasema. Niliiga sauti yake, ule upole, hata alivyotikisa kidevu kuelekea shambani. Nilipomaliza nikasimama nikingoja.

Hakuna aliyecheka. Hawakuwa wabaya, walinitazama kwa heshima, kama watu wanavyomtazama mgonjwa akiongea na ukuta. Humo darasani hamkuwa na Mnamwanga mwingine. Nilikuwa nimeliiga neno la kuchekesha kuliko yote ninayoyajua, na mtu pekee ambaye angeanguka chini kwa kulicheka alikuwa mbali, ndani ya shimo la shaba. Mwalimu akasema, "Vizuri, kaa." Nikakaa. Upande wetu ulishinda.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa bibi moja kwa moja. Masikio yake yamechoka. Nilimwinamia nikamsalimu kwa Kinamwanga, akanishika shavu akasema, "Sema taratibu, mwanangu. Unaongea kama mtu wa boma." Kisha akanituma kuwinga ndege.

Dungu langu lilikuwa limelala upande mmoja. Nikapanda hivyohivyo. Ndege walikuja, nikapiga ukelele, wakainuka wote, wakavuka kijito, wakatua kwa mjomba. Mke wa mjomba analima bado, lakini hana wa kumlindia. Nikawatazama wakila kwa raha, wale ndege ambao hata sanamu ya kuwatisha hawakuwekewa. Mwishowe nikashuka, nikaruka kijito, nikapita nguzo isiyo na kunde, nikapanda dungu la binamu.

Sikuwahi kupanda pale. Alikuwa amechonga ngazi ndogo kwa kisu kwenye mti, za miguu ya mtoto. Nikavuta pumzi kutoka tumboni nikapiga ukelele wake, kwa sauti yake, maana kuiga ndiyo kazi niijuayo. Ndege wakainuka. Nami nikageuka kutazama Tanganyika, kwenye lile dungu langu lililolala upande, nikingoja mimi wa kule nijibu.