Ubeti wa Baba Ubaoni

Mwalimu Fuensanta Otón alikuwa na tabia ya kuhesabu mizani kwa vidole, popote alipo. Padri anahubiri, vidole vyake vinatembea juu ya mkoba. Muuza samaki ananadi dagaa, anahesabu. Miaka kumi na tisa alifundisha fasihi katika sekondari ya mji wetu wa migodi, huku kwenye vilima vya Murcia, Uhispania, na hakuna mtoto aliyetoka darasani kwake bila kujua sitiari ni nini, takriri ni nini, na tashihisi inaingiaje mshairi anapoupa mto macho ya kulia. Hodari, hilo sibishi. Ila alikuwa na jambo moja lililomla ndani kwa ndani, nalo ni baba yake.

Mzee Ginés aliingia mgodini ana miaka kumi na miwili. Kusoma alijifunzia jeshini, tena kwa kubabaisha. Lakini mpe glasi ya divai, msimamishe kwenye baa ya Pencho, halafu ukae usikilize! Kwetu watu hujibizana kwa beti za papo kwa papo, mishororo mitano, mizani nane kila mshororo. Mmoja anarusha, mwingine anajibu. Ukikwama katikati, mwenzako anakudaka, anakumalizia ubeti, na aibu ni yako. Mzee Ginés hakuwahi kudakwa. Yeye ndiye aliyewadaka wengine.

Fuensanta akiwa mdogo alijivunia hayo. Alipokwenda chuo kikuu mjini, akakaa na mabinti wa mawakili na madaktari, fahari ikageuka. Siku moja baba akaja na treni kumletea kapu la limau kutoka mti wa nyumbani, viatu vyeupe kwa vumbi la mgodi. Alisimama uani, chini ya dirisha la chumba cha kina Fuensanta.

"We, yule mzee pale chini ni nani?" rafiki mmoja akauliza.

"Muuza limau," Fuensanta akajibu.

Likatoka hivyo hivyo, wala hakulipanga. Akashuka mbio. Baba akampa kapu, akambusu kipajini, akasema hapandi juu, anawahi treni. Treni yenyewe ilikuwa bado saa mbili nzima. Fuensanta alijiambia kwamba dirisha lilikuwa juu mno, hakusikia. Akajiambia hivyo miaka ishirini na mitatu, na hata mara moja hakuthubutu kumuuliza.

Sasa, Jumanne moja ya mwezi wa tano alikuwa anafundisha mizani. Akataka mfano wa shairi guni, shairi lenye kasoro. Badala ya kutunga wake, mkono ukaandika ubaoni ule uliomjia kwanza:

*Mwanangu kenda chuoni*
*kwa machozi ya mama yake,*
*nami nabaki shimoni*
*nichimbe nauli yake*
*hadi arudi nyumbani.*

"Huu ni wa mlevi mmoja wa baa," akasema. "Hesabuni mshororo wa pili."

Wakagonga madawati kwa vidole. Tisa. "Guni!" wakapiga kelele, na darasa zima likacheka, naye mwalimu akacheka nao.

Mkono mmoja ulikuwa juu. Maravillas, mjukuu wa Pencho mwenye baa, msichana mpole ambaye kwa kawaida usingemsikia.

"Mwalimu, samahani. Huo ubeti naujua. Babu huuimba akiosha glasi. Ni wa mzee Ginés." Akaonyesha ubao kwa kidole. "Na si guni. Mzee hasemi 'mama yake'. Anasema 'mamake', kama tunavyosema sote huku. Ukiuimba, unatimia."

Akauimba pale pale, kwa sauti nyembamba, na vidole vya darasa zima vikahesabu nane.

Hakuna aliyecheka. Fuensanta aliutazama ule ubao na masikio yakamwaka moto. Ubeti haukuwa na kasoro hata chembe. Kasoro aliitia yeye, alipouondolea lafudhi ya baba yake ili uandikike kisomi. Akachukua kifutio, akafuta, akasema wafungue ukurasa wa arobaini. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Mji wetu nao, jamani! Kufika chakula cha mchana, habari ilishapita kwa muuza mkate, ikageuka kwa kinyozi, ikaingia baa. Jioni Fuensanta alipokwenda kumpashia baba mchuzi wake wa dengu, alimkuta anamenya kitunguu saumu, mtulivu kabisa.

"Jumamosi hii siimbi, mwanangu," akasema. "Mwambie Pencho atafute mtu mwingine."

"Sikukuu ya mtakatifu wetu, baba? Hujakosa hata mwaka mmoja!"

"Ndiyo basi, nimechoka. Mwenye elimu keshasema." Hakusema kwa hasira. "Weka chumvi kidogo, daktari kakataza."

Afadhali angemtukana. Fuensanta alikoroga ile sufuria na machozi yanamdondokea humo humo. Neno "nisamehe, baba" lilimfika kooni mara tatu, likarudi. Mwanamke anayejua majina ya tamathali arobaini, hana maneno mawili ya kumwambia babake!

Jumamosi, misa ilipokwisha, watu wakajaa baa ya Pencho mpaka nje. Mzee Ginés alikaa pembeni, kofia magotini. Pencho alipanda kwenye kreti la bia akaanza kumchokoza.

"Enyi watu, mnamwona Ginés? Kahesabiwa mizani na bintiye, sasa anaogopa hata kupiga chafya, isije ikatoka guni!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee akatabasamu tu, hakuinuka. Hapo ndipo Fuensanta alipojipenyeza kutoka mlangoni. Hakuwahi kusimama pale katikati hata siku moja, yeye ambaye alikuwa akipita upande wa pili wa barabara.

"Kwa kuwa nilimkosea kwa ubeti," akasema, "nitamwomba radhi kwa ubeti."

"Haya, mwalimu!" Pencho akasema, akashuka kumpisha kreti. Hakupanda. Alisimama mbele ya kiti cha baba yake, akaanza:

*Baba, nilikosa mimi*
*mbele ya watu kusema;*
*aibu yala ulimi…*

Akakwama.

Alitafuta sitiari, haikuja. Alitafuta kina tu, kina chochote chenye "ma", kitu ambacho mtoto wa kidato cha kwanza angekipata. Hakuna. Mtu akakohoa. Fuensanta aliuma mdomo, akatamani sakafu ipasuke.

Mzee Ginés akaweka kofia mezani. Akainuka polepole kwa kushika meza, akamsogelea mwanawe mpaka wakawa uso kwa uso. Na kwa ile sauti yake ya zamani, bila kuipandisha, akamdaka:

*…nilisikia mapema,*
*muuza limau mimi.*

Baa ikalipuka. Makofi, miluzi, Pencho anapiga kaunta kwa sahani ya zeituni: "Bado yumo! Mzee bado yumo!" Wakauchukulia mzaha mtupu. Walijua Ginés ana mti wa limau nyumbani, wakadhani anajikejeli tu kuzima aibu ya bintiye, na wakazidi kumpenda kwa hilo.

Fuensanta peke yake ndiye aliyeelewa. Miaka ishirini na mitatu mzee alikuwa nalo neno lile moyoni, akimpelekea kapu la limau kila msimu, na hakulitoa hata siku alipotumiwa kama mfano wa mlevi. Baba alimshika mkono, akaubana.

"Ubeti umetimia, mwanangu," akamwambia chini chini. "Sasa kaa, uniache niimbe."

Akaketi kwenye kile kiti cha babake, bado kina joto. Vidole vyake vikaanza kuhesabu juu ya goti, kwa mazoea. Nane. Nane. Aliihesabu tena mizani ya baba, kichwa chini, kwa kuwa hakuweza kumtazama.