Kaka alibandua plasta ya Mama mbele ya kanisa, ngozi ikatoka nayo

Wakuu, salamu kutoka Likasi. Hapa sijatia chumvi, natamani ningekuwa nimetia.

Tunaishi Kikula. Mama ni mzee, ngozi yake ya mikono imekuwa laini mno. Alianguka sokoni akachubuka. Pale dispensari muuguzi akamsafisha, akafunga bandeji na kuibana kwa plasta.

Akatuambia mimi na kaka yangu mkubwa, "Musikokote na nguvu. Mupake mafuta pembeni, mushikilie ngozi, mutoe polepole."

Kaka alikuwepo na alisikia. Mshike hilo.

Sasa kaka ni shemasi kwenye kanisa letu la maombi. Jumapili akamwita Mama mbele atoe ushuhuda wa uponyaji. Kwetu ushuhuda usio na kitu cha kuonyesha haunogi, basi akashika ncha ya plasta.

"Mama, weye umesha pona. Tuonyeshe bantu." Bantu, yaani watu.

Akaivuta kwa mara moja, kuelekea juu. Ngozi ikatoka nayo.

Watu wanapiga makofi. Mama hakulia, alifunika mkono kwa kitenge akarudi kukaa. Nilimchukia kaka yangu palepale, na sioni aibu kusema.

Kidonda kilikuwa kinafunga, sasa kimekuwa kikubwa kuliko mwanzo.

Siku hizi nambadilishia bandeji mimi, kama muuguzi alivyonielekeza tena. Mafuta kwenye kingo za plasta tu, si kidondani. Nasubiri ilegee. Mkono mmoja unashikilia ngozi, mwingine unaikunja plasta taratibu, ikiwa imelala sambamba na ngozi. Inachukua muda, lakini kwani tunafukuzwa na nani?

Mama hajawahi kukosa ibada maisha yake yote. Sasa haendi. Nilidhani ni maumivu, nikamuuliza.

"Hapana. Bantu bakiona hii bandage, batasema yaya yako alibadanganya."

Yaya, yaani huyo huyo kaka mkubwa.

Funzo ni hilo wakuu: legeza kwanza, shikilia ngozi, usivute juu. Ngozi ikichanika, rudi kwa muuguzi haraka. Na mgonjwa si wa kuonyeshwa watu.

Aliyewahi kuwa na ndugu wa namna hii aniambie alianzaje kuzungumza naye. Jumapili iliyopita kaka alisimulia tena kanisani habari za ule mkono uliopona, akashangiliwa. Mama alikuwa nyumbani, amevaa nguo zake za ibada, amekaa kitandani.