Birika Lenye Pembe

Nilibuni kifuniko cha kufuma cha kuvisha birika ili chai isipoe, chenye umbo la ng'ombe. Nilipokipeleka kwenye kikundi chetu cha ufumaji pale Ibadakuli, mwenyekiti wetu alicheka.

"Birika na pembe wapi na wapi, mama? Tena wanaoanza hawatakiweza."

"Watakiweza," nikamjibu. Kiwiliwili kilikuwa vipande viwili vilivyonyooka, ambavyo mtu yeyote angeweza kuvifuma. Pembe niliwaachia wenye uzoefu.

Bibi mmoja aliyejifunza kufuma mwezi uleule akamaliza wa kwanza, na pembe akaziweka kwa ubishi. Moja ililala. Mwenyekiti akamwamuru aifumue. Nikakichukua kifuniko, nikalivisha birika lililojaa chai, tukaendelea kufuma. Baadaye nikammiminia mwenyekiti kikombe.

"Chai ikiwa imepoa, nitaifumua pembe mwenyewe," nikamwambia.

Alipuliza mara mbili ndipo akanywa. Hatukufumua hata uzi mmoja.