Sufuria, Bata, Ndoo

Harufu ya mchanga mbichi sijaizoea mpaka leo, na mchanga ndiyo kazi yangu. Nafyatua matofali Temeke. Shule niliishia la tatu, na walionicheka wamepanga kwenye nyumba zilizojengwa kwa matofali yangu. Lakini lori likimwaga mchanga uliolowa, wenzangu, narudi shimoni.

Nilikuwa na miaka saba. Uani kwetu Chang'ombe palichimbwa shimo la choo, likafunikwa bati. Mama alitukataza kulisogelea. Mie nilipenda bati lile linavyolia ukilirukia. Mruko wa tatu likakunjika, nikaenda nalo mpaka chini.

Kulikuwa baridi, kunanuka udongo usiowahi kuona jua. Mbingu ilibaki kama sahani. Nikashika ukuta nipande. Ukamwagika, mchanga ukanifika magotini. Nikaparamia tena, ukanifika mapajani.

"We binti! Usiguse ukuta!"

Alikuwa Mzee Likanda, jirani yetu mchonga vinyago. Tulikuwa tunamcheka huyu. Hakumpa mwanafunzi gogo la mpingo bila kumrushia kwanza neno moja, labda "Jogoo!", naye aeleze anaona nini ndipo aguse patasi. "Neno moja linatosha," alikuwa akisema, "mengine utayakuta ndani ya mti."

Sasa amelala kifudifudi ukingoni. Mama anapiga yowe, vijana wamekimbilia kamba.

"Sufuria!" akanirushia.

"Mzee, nakufa!"

"Utakufa baadaye. Sufuria, nimesema. Ina nini?"

"Ina... maharage."

"Nani kayaunguza?"

"Baba."

Juu mtu akacheka. Yowe la mama likakatika.

"Bata!"

Nikasema bata kavaa viatu, anakwenda kunishitaki kwa mwalimu. Ndoo! Kanga! Mchanga ulinidondokea shingoni, meno yaligongana, mkojo ulishanitoka. Lakini mikono niliikunja kifuani, namtafuta bata alikopitia. Kamba sikuiona mpaka iliponigusa pua.

Miaka yote niliamini mzee yule alikuwa na ghala la maneno, na hofu haijui. Mpaka mwaka jana, rundo la mchanga lilipomporomokea kijana wangu wa kazi, huyu anayepanga matofali hapo nje, likamfika kifuani. Kila akifurukuta linazidi kummeza. Nikalala kifudifudi. Kichwani hamna kitu. Nikaisikia sauti yangu:

"Toroli!"

Toroli ndilo lililokuwa mbele ya macho yangu. Hapo ndipo nikaiona tena akilini sufuria yetu juu ya mafiga, bata wetu, ndoo, kanga ya mama kwenye kamba ya nguo. Vyote vilikuwa uani siku ile. Mzee hakuwa na ghala lolote. Aliogopa kuliko mie, akawa anaokota kilicho karibu.

"Toroli la nini, mama?" kijana akalia.

"Mie nitajuaje?" nikamfokea. "Wewe ndiye unayeliona. Limebeba nini?"

Akaacha kufurukuta, akafikiri.