Paja la Mganga wa Mbwa

Andika hivi. Baba yangu alizaliwa ng'ambo ya mto Luama, katika ardhi ya Wabangubangu, mtoto wa mfua chuma aliyeacha kazi yake siku majembe ya dukani yalipofika. Mama yangu alizaliwa karibu na Kasongo, katika nyumba ya watu wa kuswali, akaolewa mbali na kwao kwa sababu ambazo hakuzisema, nami sikumwuliza. Majina yao usiyaandike. Waliowajua wamekwisha, na wasiowajua hawatafaidika kwa kuyasoma. Mimi nilizaliwa upande wa Kabambare, wakati wa Wabelgiji. Sikuketi darasani hata siku moja, na haya ninayokuambia nimeyashika kichwani bila msaada wa kalamu. Kwa hiyo usinisahihishe, andika.

Umeniuliza kama ni akili kumlipa mtu leo kwa ajili ya ugonjwa wa mbwa ambao pengine hautakuja. Nitakueleza jinsi sisi tulivyoamua. Ukitafuta jibu humo, hutalipata.

Mume wangu, ambaye ni babu yako, alikuwa Mzimba, mtu wa kabila la Wazimba, wa upande wa Kasongo. Alikuja kukaa kwetu baada ya kunioa, kwa kuwa baba yangu alikuwa amekufa na mama yangu hakuwa na mtoto wa kiume. Alilima pamba kama wanaume wote, maana pamba haikuwa hiari. Kapita, yaani msimamizi wa pamba, alipita mashambani kutazama nani amepalilia na nani amelala. Pamba haikutulisha. Ilileta kitu kidogo mwisho wa msimu, kisha kodi ikaja ikakimeza, na bado ikadai. Mwanamume aliyeshindwa kuikamilisha alifungwa, au alikwenda kuandikwa kazi kwenye machimbo ya dhahabu, upande wa Salamabila. Nilikuwa nimewaona waliorudi kutoka huko. Wengine walirudi na baiskeli. Wengine walirudi na kikohozi kisichosikia dawa, na baiskeli ikauzwa ili wazikwe.

Kilichomzuia mume wangu asiende huko kilikuwa mbwa. Alikuwa jike, mwekundu, mwenye kifua cheupe, wa aina ile isiyobweka, ambayo mwindaji huifunga kengele ya mti ili ajue iko wapi ndani ya majani marefu. Alikuwa hodari wa kukamata ndezi, wale panya wakubwa wa majani, na funo, paa wadogo wa msituni. Nyama niliikausha juu ya moto, wanawake wa Kabambare waliinunua, na kwa hiyo kodi ikakamilika, na watoto wakala sombe, majani ya muhogo, yenye kitu ndani. Sikumpenda mbwa huyo namna unavyompenda wako, unayemwita kama mtoto wa mtu na kumlaza kwenye mkeka. Wetu alilala majivuni. Lakini kila asubuhi, kabla sijawatazama watoto, nilimtazama yeye kwanza, kama amesimama vizuri na kama pua yake imelowa.

Kijijini palikuwa na mganga wa mbwa. Usicheke. Watu wagonjwa hakuwashughulikia. Alisema watu husema uongo juu ya maumivu yao. Desturi yake ilikuwa hii. Majani yalipochomwa na uwindaji ukaanza, mwenye mbwa alimpeleka kwake, naye akamfunga mbwa uzi wa gome shingoni. Tangu siku hiyo mpaka majani yachomwe tena, kila mnyama aliyekamatwa na mbwa huyo alitolewa paja moja la nyuma, likapelekwa kwa mganga. Naye kwa upande wake, mbwa akipasuliwa na nguruwe, akiumwa na nyoka, akitapika au akikataa chakula, alikuja na mkoba wake bila kudai kitu kingine, hata katika mvua, hata siku ya matanga. Asiyefungiwa uzi alileta kwanza mbuzi jike, ndipo mkoba ukafunguliwa. Sisi hatukuwa na mbuzi.

Ni lazima ujue pia nyama iligawanywa vipi, kwa maana ninyi mnanunua nyama iliyokwisha kukatwa. Kifua kilikuwa cha sultani, mkubwa wa kijiji. Shingo ilikuwa ya mjomba. Mgongo ulikwenda kwa wanaume waliofuatana na mwindaji. Kila mwenye haki alipokwisha kupewa, nyumbani palibaki mapaja, mikono, yaani miguu ya mbele, na matumbo. Paja moja liliuzwa pamoja na mikono. Jingine lilikuwa la chungu changu, na hilo ndilo alilolichukua mganga. Kwa hiyo wanaume walipozungumza juu ya mganga kana kwamba wao ndio waliokuwa wakimlipa, mimi nilijua ni sahani za nani zilizokuwa zikimlipa.

Tulitoa mapaja msimu mmoja, na mbwa hakuugua. Tukatoa msimu wa pili, akakanyaga mwiba, nao mume wangu akautoa mwenyewe kwa kisu. Majani yalipochomwa tena, tuliketi jikoni kuulizana kama tuendelee. Mama yangu alikuwa kando akimenya muhogo. Kuswali alikuwa ameacha, lakini kumchukia mbwa hakuacha. Mbwa akimgusa mguu, aliuosha.

Akasema, "Katika nyumba hii imbwa iko na mganga wake, na mimi magoti inaniuma bure."

Mume wangu akamjibu kwa heshima, "Mama, wewe haukimbizi nguruwe."

"Nikimukimbiza, utanifunga uzi?"

"Nitakufunga, mama. Lakini utalala inje."

Alicheka mpaka muhogo ukamponyoka. Kisha akageuka kwangu, uso wake ukiwa umebadilika. "Mwanangu, mutoto wako mudogo iko na mikono kama vijiti. Paja ile inakwenda wapi?"

Niliwafikiria mbwa wa majirani. Jirani yetu mmoja alikuwa ametoa mapaja yote bila kukosa. Mbwa wake akaumwa na nyoka, mganga akaja mbio na mkoba, akasaga, akanywesha, na mbwa akafa wakati ule ule ambao angekufa bila dawa. Mwingine, mbwa wake alipasuka ubavu, mganga akamshona kwa miiba na nyuzi za mgomba, na mbwa akarudi kuwinda kabla ya mvua. Kovu lake nililiona kwa macho yangu. Kila mtu kijijini alichagua mbwa mmoja kati ya hao wawili, akamtaja kila habari hiyo ilipozungumzwa.

Hatimaye mume wangu alisema, "Mama wa watoto, tuendelee. Huyu akikufa, mimi ninakwenda kuchimba." Neno hilo lilimaliza mazungumzo. Mbwa akafungwa uzi.

Msimu huo haukuwa mwema. Wanyama walikuwa wachache, na mtoto wetu mdogo, ambaye ni baba yako, alikuwa ametoka tu katika homa iliyomwacha mifupa. Mbwa akakamata funo mmoja mdogo, mwembamba. Mume wangu alimtazama mtoto, akaitazama nyama, akasema, "Paja hii abaki nayo mutoto. Mganga umupelekee mukono wa kuume. Kwetu, mwenye dawa anapewa mukono. Ni heshima kupita paja."

Alisema kweli. Kwa Wazimba wa kijiji chao ilikuwa hivyo. Nami niliupeleka mkono huo umefungwa vizuri katika jani la mgomba. Nilijua mafungu ya nyama, lakini yale yaliyokuwa kati ya wawindaji na mganga wanawake hawakufundishwa. Baba yangu angejua. Mama yangu, mtu wa Kasongo, hakujua zaidi yangu.

Mganga alifungua jani, akautazama mkono muda mrefu. Akauliza, "Bwana yako ndiye alisema mukono?"

"Ndiye, Baba."

"Haya, binti. Mwambie nimepokea."

Alinipa maji ya kunywa, akanisindikiza mpaka njiani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe. Nilirudi nyumbani nikasema mzee amefurahi.

Mvua ikanyesha mfululizo, hapakuwa na uwindaji. Ilipokatika, mume wangu alitoka na mbwa asubuhi. Jua lilipokuwa utosini nilimwona akirudi njiani, amembeba mabegani kama mbuzi wa kuchinjwa, kengele ikilia kwa kila hatua. Nguruwe dume alikuwa amempasua tumbo. Nilitupa mchi nikakimbia kwa mganga.

Alikuwa akisuka kikapu. Nilimweleza. Hakusimama.

"Uzi ulikwisha kukatika, binti."

"Uko shingoni, Baba. Nimeuona sasa hivi."

"Uko shingoni, lakini mulinipa mukono. Paja ni ya kuendelea. Mukono ni ya kuagana. Mutu akichoka na mimi, ananitumia mukono, napokea, tunaachana bila matusi. Nilikusindikiza. Haukuona nilikusindikiza?"

Nikamweleza habari ya mume wangu, kwamba ni Mzimba, na kwamba kwao mkono ni heshima. Aliendelea kusuka. Kisha alisema, bila kucheka, "Basi yule bwana anasema Kizimba mpaka ndani ya nyama."

"Fungua mkoba, Baba. Tutakuletea mapaja yote yatakayokuja."

"Nikifungua mukoba bila paja na bila mbuzi, kesho nani ataleta paja? Kila mutu atangoja imbwa yake igonjwe kwanza. Na mimi nitakula nini katikati?"

Nimelifikiria neno hilo miaka yote hii, na sijaona kosa ndani yake. Wakati ule nililiona ni ukatili mtupu. Nilimwambia mbuzi hatuna. Akasema anajua hatuna. Kisha akaweka kikapu chini, akasimama, akanifuata. Mkoba aliuacha umetundikwa ukutani.

"Nakuja kama jirani," alisema.

Nyumbani alipiga magoti karibu na mbwa, akamwondolea nzi, akayafunika matumbo kwa jani bichi. Aliweka mkono wake juu ya mbavu akakaa hivyo. Mbwa hakulia, aina ile hailii. Mama yangu alileta maji katika chungu chake mwenyewe cha kunywea, akakiweka chini karibu na mbwa.

Mganga akasema, "Hii, hata na mukoba, singeiweza."

Mume wangu alimwuliza, "Kweli, Baba?"

Yule mzee alitazama upande wa mashamba. Hakujibu. Mbwa alikufa kabla kivuli cha nyumba hakijafika uani, nao wakachimba pamoja, mganga na mume wangu, kwa majembe yetu mawili.

Tulitafuta mbwa mwingine. Mtoto wa mbwa tuliyepewa alikua vizuri, akala vizuri, akaogopa hata panya. Kodi ilikuja kama kawaida yake. Mume wangu akaenda kuandikwa, akapewa blanketi, akaondoka na wenzake kwa miguu. Alirudi akiwa na kikohozi. Baiskeli hakurudi nayo. Alikaa kwenye kizingiti akikohoa msimu mmoja wa pamba, na kabla pamba haijavunwa tulimzika. Mganga alikuja kwenye matanga. Alileta paja la mbuzi wake mwenyewe.

Nilipokuwa bado na nguvu nilikuwa nikiyapima haya usiku na mchana. Kama mzee yule alisema kweli, basi mapaja yote tuliyotoa, msimu baada ya msimu, yalitoka vinywani mwa watoto wangu bure, na hata kama tungeyatoa mpaka mwisho, babu yako angekwenda machimboni tu. Kama alisema uongo ili atupunguzie uchungu, basi mume wangu aliuawa na mkono wa funo mwembamba, ambao niliufunga mimi katika jani la mgomba. Hakuna la tatu. Zamani nilitamani kujua lipi ni lipi. Sasa sitamani, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya hayo mawili ambalo ningeweza kuishi nalo kwa raha.

Sasa nisikilize, maana nimechoka. Mafungu ya nyama yaandike kama nilivyoyataja, kifua, shingo, mgongo, kwa mpangilio huo huo. Binamu zako hawayajui na aibu itawapata kwenye karamu za watu. Usiandike kwamba mganga alikuwa mbaya. Usiandike kwamba babu yako alikuwa mjinga. Alimheshimu mtu kwa heshima ya kwao. Mambo ya mbwa wako amua mwenyewe, wala usije kuniambia umeamuaje. Na ninakuona tayari umeshika kalamu kutia fundisho mwishoni. Lifute. Pale babu yako alipouliza, "Kweli, Baba?", usimtungie mzee jibu. Babu yako alikufa bila kujibiwa, na wewe uliache neno lake hivyo hivyo.